Safari ya Ujiji kwa Magurudumu Mawili

Jumatatu, 10 Julai 1911. Baleni.

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mto ninaolalia. Sijui kupanda baiskeli.

Basi. Nimeliandika. Wino umekauka na paa halijaniangukia.

Kosa ni la barua. Nilipokuwa shule ya serikali huko Kilwa, miaka miwili, asubuhi Kiswahili na mchana Kidachi, nilimwandikia babu kwamba mwalimu wetu ana baiskeli na kwamba mimi naiendesha kama upepo. Baiskeli ilikuwapo kweli. Kazi yangu ilikuwa kuifuta vumbi kila Jumamosi. Siku moja mwalimu aliniruhusu nipige kengele. Lakini barua ilikuwa fupi, nusu ya karatasi tupu. Nilitaka kuijaza tu!

Sikujua kwamba babu ataitunza ndani ya msahafu wake.

Babu Shamte alikuwa karani wa forodha pale Chole miaka ishirini na saba. Alianza enzi ya Sayyid wa Unguja, akamalizia kwa Wadachi. Mwezi uliopita amestaafu. Wenzake wakistaafu hukaa barazani, hunywa kahawa, hulalamikia magoti. Babu ameagiza baiskeli. Imefika leo ndani ya sanduku la mbao, nyeusi, inang'aa kama kunguru aliyenyeshewa, pamoja na kijitabu cha Kidachi.

Baada ya chakula akatangaza. Atavuka kwenda bara. Kilwa, Lindi, kisha ageukie ndani, Songea, Tabora, mpaka Ujiji aione ile bahari isiyo na chumvi. Bibi Saleha akauliza kama jua limempata. Babu hakukasirika. Alisema polepole, akiitazama mikono yake:

“Miaka yote hiyo magunia yamepita hapa yameandikwa Tabora, yameandikwa Ujiji. Mzigo unasafiri, mimi napiga mhuri. Sasa nami niende nikaone yanakotoka.”

Kisha akatoa barua yangu. Akaisoma kwa sauti. Atafuatana na mtu mmoja, anayejua baiskeli na anayejua Kidachi. Wote wakanigeukia. Mimi nikitazamwa na watu zaidi ya wawili hupotewa na ulimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Kama siendi, mambo yamekwisha pangwa: mwezi wa Muharram naingia forodhani, kwenye kiti kile kile cha babu chenye mguu mmoja mfupi. Nitahesabu magunia mpaka nizeeke.

Jumatano, 12 Julai.

Sikufanya kazi yoyote leo. Nimechora ramani nyuma ya karatasi kuukuu za forodha. Nimeweka mito, milima na simba mmoja karibu na Songea, amelala.

Nikifumba macho naiona barabara. Nyekundu, ndefu, haina mtu. Vumbi linanuka mvua ya juzi. Kila kijiji kina jina ambalo nimewahi kulisoma kwenye gunia tu, na sasa lina milango, lina mama anayetwanga, lina mbwa. Wanauliza tumetoka wapi. Nasema Mafia. Wanauliza Mafia ni wapi. Naonyesha kule jua linakotokea, na sioni haya hata kidogo. Katika ndoto hizi mimi si mtu wa haya.

Bibi akanizindua. Bibi na mjukuu wana utani wao, ameniita mume wake tangu nizaliwe. Akasema, mume wangu, ukienda Ujiji nazi zangu nani atanifulia? Nikamwambia nitarudi na kanga za Tabora. Akasema Tabora hawana kanga nzuri. Hajawahi kufika hata Kanga, kijiji cha hapa hapa!

Habari kubwa: babu amenieleza tutakavyosafiri. Baiskeli ni moja, watu wawili. Kwa hiyo tutapokezana. Mmoja atatangulia na baiskeli mpaka asipoonekana, ataiegemeza kwenye mti, aendelee kwa miguu. Wa nyuma akifika aichukue, ampite, naye aiache mbele. Hivyo hivyo mpaka Ujiji.

Nilitaka kumkumbatia. Mpaka asipoonekana! Yaani nikiwa na baiskeli babu hatakuwapo. Nitaikokota mbio njia nzima wala hatajua. Ajabu ni kwamba wazo hili amelitoa mwenyewe, tena kwa furaha nyingi.

Kutwa anaikokota kwenda msikitini na kurudi. Watu wamemwuliza mbona hapandi. Amejibu kwamba chuma kipya hakitaki haraka. Mzee mwenye hekima.

Mwalimu Matano wa msikitini hapa amemtazamia nyota. Siku njema ya kuondoka ni Alhamisi, tarehe 20. Kijiji kizima kitakuja kwenye dua, nasi tutaondoka mbele yao. Tukiwa juu ya baiskeli, amesema mwalimu.

Juu yake. Mbele yao. Hapo akili yangu haikuwa imefika.

Jumamosi, 15 Julai.

Nimejifunza leo. Yaani nimejaribu.

Nimemwambia babu naipeleka baiskeli nikaioshe. Nikaenda bondeni, kwenye mteremko unaoshukia matopeni. Akili yangu ilikuwa hii: kupanda mlima ni kazi ya mtu, kushuka ni kazi ya mlima. Nikakaa. Nikaachia.

Mlima ulifanya kazi yake vizuri sana. Chini ya mteremko kuna mashimo ambamo wanawake huloweka makumbi ya nazi yaoze wapate kusokota kamba. Yana miezi sita humo. Mtu asiyewahi kunusa shimo la makumbi la miezi sita na ashukuru.

Nilipotoa kichwa, Mwanasiti msokota kamba alikuwa amesimama na gongo lake la kupondea makumbi. Ana ulimi mrefu kuliko kamba zake.

“Hujambo bwana mkubwa wa Kilwa. Ndivyo mnavyooga huko?”

Nikamwambia napima breki.

“Haya. Wa pili wiki hii kupima breki.”

Sikuelewa, wala sikuwa na hamu ya kuelewa. Nikapita nyuma ya nyumba nikafue. Kwenye kamba nikakuta kanzu ya babu inakauka, nayo inanuka makumbi vile vile. Lazima harufu yangu imeruka na upepo. Nikaomba radhi kimoyomoyo. Babu mwenyewe anachechemea, anasema ni baridi ya magoti.

Jumapili, 16 Julai.

Siku ya aibu. Sihaba anajua kupanda baiskeli!

Sihaba ni binti wa ami yangu, tunaishi naye. Ana miaka kumi na miwili na hana haya hata chembe. Babu akiwa msikitini, nimemkuta uwanjani kwenye mbata zilizoanikwa, anazunguka, shungi limefungwa kiunoni, anapita katikati ya safu za nazi bila kugusa hata moja. Nikauliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, amepanda tu, mara ya tatu haikuanguka.

Kisha akashuka, akaniangalia kwa jicho la huruma. Hilo jicho silipendi.

“Kaka Hilal, nikufundishe? Siku tatu tu. Sisemi kwa mtu.”

Nikamwambia mimi niliendesha Kilwa, kwenye barabara ya serikali.

“Barua nimeisoma, na jana nilikuona bondeni. Mtu anayejua hapandi kutokea upande wa mnyororo.”

Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyopanda Wadachi. Akaondoka. Mlangoni akageuka, akasema nyumba hii ina wanaume wawili wa baiskeli na mpandaji mmoja tu, tena msichana. Wawili? Hesabu zake mbovu. Ndiyo maana wasichana hawawekwi forodhani.

Siwezi kufundishwa na mtu niliyemfundisha mimi kufunga kitanzi cha ndoo. Haiwezekani. Nitatafuta njia nyingine.

Jumatatu, 17 Julai.

Njia imepatikana, na ni ya heshima. Nitakuwa mtunzaji. Fundi mkuu wa safari! Fundi hapandi hovyo.

Nimekisoma kijitabu cha Kidachi. Nusu ya maneno sikufundishwa, lakini ukurasa wa nane uko wazi: mpira ulindwe na jua. Babu akauliza unalindwa vipi. Sikutaka kusema kwamba jibu liko ng'ambo ya ukurasa, kwenye maneno nisiyoyajua. Nikajiuliza, sisi hapa chombo kinachokaa juani tunakifanya nini? Tunakipaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa. Mashua ya Shaabani ina miaka ishirini kwa sifa tupu, na Shaabani ndiye mjenzi wa mashua ajuaye kuliko wote. Nikasema: kinasema ipakwe sifa.

Babu akafurahi. Akasema hata Wadachi kumbe wanajua.

Nimepaka magurudumu yote mawili, ndani na nje, mara tatu. Nimeiacha uwanjani inywe.

Baada ya alasiri: paka saba.

Jioni: paka kumi na mmoja, mmoja amekuja kutoka kwa Mwanasiti. Bibi amesema baiskeli isilale ndani, naye aliyeipaka akalale nayo.

Alhamisi, 20 Julai.

Siku ya nyota njema.

Kisiwani hapa chombo kipya hakiondoki kimya kimya. Dua, ubani, wali, kisha watu wote huweka mabega wakakishua majini. Babu ni mtu wa forodha, vyombo vyote vimepita mbele yake, basi baiskeli nayo watu wamekuja kuishua. Kijiji kizima! Shaabani na wanaume wanne wa kusukuma. Wanawake penye ua. Paka, safu mbili.

Mwalimu Matano alipomaliza dua, babu akanishika bega. Akasema mjukuu wangu ndiye ajuaye, atangulie yeye. Nikasema hasha, mdogo hatangulii mbele ya mkubwa. Akasema karibu. Nikasema karibu wewe, babu. Akasema utaniudhi. Nikasema nitapata dhambi. Watu wakaona adabu, wakatusifu. Tulikaribishana namna ile mpaka ubani ukazimika. Sikuwahi kumwona babu akitokwa jasho hivyo, na jua lilikuwa bado la asubuhi.

Mwalimu akasema saa njema inapita. Basi wanaume wanne wakambeba babu, wakamkalisha. Akafumba macho. Nikadhani anaomba. Wakaanza wimbo wa kushua, wakasukuma.

Gurudumu la nyuma halikupasuka kwa kishindo. Lilijilegeza. Mpira uliokunywa sifa siku tatu juani ulikuwa umelainika kama halua, ukatoka pembeni polepole, ukasema pfuu. La mbele likafuata. Chuma kikazama mchangani. Paka wakaingia kati.

Nilingoja babu anitazame. Hapo nilikuwa tayari kusema yote: barua, vumbi, kengele, ukurasa wa nane. Lakini babu alikuwa bado amefumba macho, na nilimsikia akisema chini ya ndevu, “Alhamdulillahi.”

Nadhani mshtuko umemchanganya.

Mwalimu Matano ametazama tena. Siku njema nyingine iko baada ya Idi, mwezi wa Shawwali. Wali umeliwa wote.

Ijumaa, 21 Julai. Asubuhi, baada ya sala.

Jana alasiri babu aliniita barazani. Sihaba alikuwa karibu anachambua mchele, akafukuzwa, akaenda hatua tatu tu.

Babu alikaa muda mrefu anafuta miwani. Akasema nimemwokoa asubuhi ile. Akasema amejua kuandika Kiarabu tangu utoto, amejifunza namba za Wadachi akiwa na mvi, amepima kila kitu kinachoingia na kutoka kisiwani. Kisha sauti ikashuka.

“Hii sijui, mwanangu. Nilianguka kwenye makumbi Jumatano ya wiki iliyopita. Nilipanga tupokezane ili nikiwa mbele niikokote usinione. Sijamwambia mtu, hata bibi yako.”

Macho yake yalikuwa na maji. Akasema kama nitamfichia siri na kumfundisha, tutaondoka Shawwali. Nisipoweza, ataiuza, nami niende forodhani, hatanilaumu.

Nikamtazama. Babu yangu, muungwana, amejivua fahari mbele yangu kama mtu anayevua viatu mlangoni. Ilikuwa saa ya kusema. Sentensi moja tu. Nilikuwa nayo mdomoni. Ingekuwa nyepesi, tungecheka wote wawili, tungemwita Sihaba, ambaye alikuwa ameacha kuchambua mchele na ananikodolea macho.

Nikasema, “Hakuna taabu, babu. Nitakufundisha.”

Palikuwa na kimya baada ya hapo. Nikaongeza kwamba mimi huendesha hata nikiwa nimefumba macho. Sijui kwa nini. Kimya kilikuwa kirefu, nilitaka kukijaza tu.

Sihaba akainua ungo, akaingia ndani. Jioni alipita mlangoni kwangu, akasema anatufundisha wote wawili, kwa siku tatu, na malipo yake ni kupelekwa mpaka Kilwa tu. Nimekataa. Msafara una heshima yake.

Nimefikiri sana, na sasa naona mambo ni mepesi kuliko nilivyodhani. Mwalimu hapandi! Mwalimu hushika kiti kwa nyuma na kusema vizuri, vizuri, tazama mbele. Hayo nayaweza. Nina kijitabu. Shaabani amejaza makumbi makavu ndani ya magurudumu badala ya upepo, ameshona kwa uzi wa tanga, anasema hayatapasuka milele. Babu akishajua, nitamtazama anavyofanya, nami nitajua. Shawwali tuko Kilwa. Muharram tuko Tabora. Barabara nyekundu, haina mtu. Simba wa Songea nimemhamisha kidogo, alikuwa ameziba njia.

Somo la kwanza ni leo, njia ya Kanga, kabla watu hawajatoka. Babu ameomba, kwanza kabisa, nipande mimi aone.

Nimemwambia

Mitalawanda, viatu vya mti vya babu, ukumbini. Ko, ko. Ni yeye. Daftari chini ya mkeka, upesi