Vita vya Bekwai juu ya Chuo Kidogo

Sogeeni, enyi watu wenye subira, mtege masikio, maana nanena habari za Dufie binti Agyeiwaa, mshinda mitihani, mtwangaji wa fufu asiyechoka, aliyesimama peke yake sebuleni kwa mama yake mjini Bekwai akapigania haki ya kusomea ufamasia katika chuo ambacho hata majirani zake hawakijui. Wengine wamesifiwa kwa kuteka miji. Huyu aliazimia kuuteka moyo wa mjomba wake, ngome isiyowahi kuingiwa na mtu.

Mbele yake aliketi huyo Mjomba Bediako, mkuu wa ukoo, simba wa matanga, ambaye hajakosa msiba wa Jumamosi tangu aliponunua kitambaa chake cheusi cha kujitanda msibani. Kwa kuwa kikaoni mkuu wa ukoo hasemeshwi ana kwa ana, katikati alikaa msemaji, mzee Safo, bingwa wa kurefusha maneno. Mjomba na mpwa walikaribia kugusana magoti, lakini kila neno lilipita kwa Safo kwanza.

"Safo, mwambie huyo mtoto," akanguruma Mjomba, "ataenda chuo kikuu kile kikubwa, basi! Siku nikifa, bango langu la msiba litabandikwa mji mzima, pamoja na majina ya ndugu wote na vyuo walivyosoma. Pembeni ya jina lake watu wasome nini? Nsutakrom? Si watadhani ni chekechea!"

Mzee Safo akakohoa kwa heshima zote. "Dufie, nyota ya ukoo, jabali lililokulea linasema linakupenda mno, na kwamba likifa utaliaibisha."

Dufie hakutetemeka. Kwa kweli alitetemeka, ila tarikhi haina haja ya kujua hayo. Vyuo vyote viwili vilimtaka, na vyote alivitembelea. Kwenye kile kikubwa alimwona mhadhiri kwa mbali akisaga dawa, huku umati ukitazama migongo ya wenzao. Nsutakrom, profesa alimuuliza jina, akamkabidhi mchi, akasema, "Haya, saga wewe." Tangu hapo hakutaka kwingine. Na jioni hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kujibu, wala bila idhini ya Mjomba asingekwenda popote.

Ndipo akachomoa upanga wake. "Mzee Safo, mwambie Mjomba kile kikubwa kila mtu anakiita kwa herufi tatu tu. Kwenye bango, hata nusu mstari hakijazi. Changu ni Chuo cha Famasia na Sayansi za Tiba cha Mtakatifu Bonifasi, Nsutakrom. Mistari miwili mizima!"

Supu ya karanga ikapoa mezani. Mjomba akafumba macho, na wote wakajua kwamba anapima bango.

"Safo, muulize. Kwa herufi kubwa?"

"Mwambie kwa herufi kubwa, mzee Safo," akasema Dufie.

Idhini ikatoka, ikiwa imerefushwa na Safo ipasavyo. Kidole gumba cha shujaa kikaishukia simu, jibu likaenda Nsutakrom, na tarumbeta hazikulia kwa sababu hazikuwepo.

Walipokwisha kula, Safo akiwa bado anahangaika na mfupa, Mjomba akamvuta Dufie kando, akatoa pakiti ya vidonge ndani ya kitambaa chake.

"Mwanangu," akanong'ona, "hizi za presha. Kule hospitali waliniita, wakanipa, wakamwita mwingine. Nimeze kabla ya kula au baada?"

Dufie akaigeuza pakiti mkononi. Hakujua, na ikamuuma. "Bado sijui, Mjomba. Kesho twende tukamuulize mfamasia pamoja. Ila kule Nsutakrom wakifundisha, watanifundisha mimi, si mgongo wa mwenzangu."

Mjomba akaitwaa pakiti, akaificha tena. "Basi nenda ukajifunze upesi," akasema. "Bango litasubiri."

Na iandikwe katika tarikhi za Bekwai kwamba siku hiyo mkuu wa ukoo alisema na mpwa wake bila msemaji, na hakuna aliyekufa.