Mume Wangu Anaugua Bila Kibali

Kwa Mkuu wa Afya ya Askari Wastaafu,

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na kiti chako kinachozunguka. Naleta mashtaka dhidi ya mume wangu, koplo mstaafu.

Alipotumwa kulinda amani ugenini, alipangiwa kuchoma taka za kambi: matairi, betri, makopo ya rangi, dawa zilizoharibika, vyote vikimwagiwa dizeli shimoni. Alirudi akitema makohozi meusi. Ofisi yako ikatamka kwamba moshi ule haudhuru mtu. Mimi nimeamini. Mkaidi ni yeye.

1. Anakohoa. Daktari wako alitazama picha akasema, "Mzee, kifua safi kabisa!" Tulipofika ngazini, mwenye kifua safi akakaa chini, akihema kama aliyebeba jiwe la kusagia.

2. Viungo vinamuuma, ngozi inamwasha, tumbo halitulii. Daktari wa ngozi alisema hilo ni la tumbo, wa tumbo akasema ni la kichwa. Wa kichwa akafunga faili: "Mama, ni mawazo tu. Mwambie asiwaze." Nikamwambia. Naye ametii kupita kiasi, maana juzi alimwita bintiye "wewe dada," jina limempotea.

3. Ananiaibisha. Huyu alikuwa fundi wa kuezeka, akitembea juu ya paa kama paka. Siku hizi ni mimi ninayemfungia vifungo vya shati. Majirani wanaweza kudhani anaumwa, na hapo jina la ofisi yako litachafuka.

4. Kwa kuwa askari ni kutii, naomba ufike nyumbani, usimame kando ya kitanda, uyaamrishe mapafu yake: "Mguu sawa!" Yakikaidi, yatiwe rumande. Na kwa kuwa moshi ule ni salama, lichimbwe shimo kama lile chini ya dirisha lako, matairi yawashwe, wagonjwa wenye imani haba wakuone ukiuvuta pamoja na chai yako. Wajukuu wako nao waalikwe. Kitu kizuri hakiliwi peke yako.

Nisalimie madaktari wote, kila mmoja na kiungo chake, na mlinzi wa getini anayetuambia kila mara turudi kesho.

Ni mimi, mke mwenye imani kuliko mapafu ya mumewe.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha simu ilipolia. Mwenzake waliyemwita Kifaru, aliyekuwa akipokezana naye koleo pale shimoni, amefariki asubuhi hii. Faili lake nalo liliandikwa mawazo. Mume wangu hakulia. Ameniuliza tu, "Mke wangu, sasa zamu ni ya nani?" Mheshimiwa, futa yote niliyoandika hapo juu. Mume wangu ni mgonjwa. Naomba atibiwe.