Maharagwe ya Kabatini

Jumatatu, 19 Mei

Naogopa. Mwalimu mkuu, Bi. Priscilla, ametangaza kwamba mkaguzi wa sayansi anakuja Ijumaa. Ati anataka kuona kama watoto wa Gredi ya Nane wanaweza kuuliza swali, kulijaribu, kisha kueleza walichokiona. Si kukariri. Mungu wangu! Mimi nilisomea Kiswahili na Dini. Sayansi nilitupiwa kwa sababu sikuwa mkutanoni siku ya kugawana masomo.

Na nafasi ya ajira ya kudumu ni moja tu. Tunaoimezea mate ni sisi wawili, mimi na Zablon wa Hisabati, sote walimu wanagenzi. Leo Zablon amekuja na koti jeupe la maabara. La nini? La kujumlishia sehemu?

Lakini nina silaha. Wiki jana darasa langu lilipanda maharagwe kwenye mikebe, mengine dirishani penye jua, mengine ndani ya kabati lenye giza. Ya jua yatarefuka, ya giza yatadumaa. Nani asiyejua hilo?

Jumatano, 21 Mei

Balaa! Wanafunzi wakiwa uwanjani, nimefungua kabati. Ya gizani yameyapita ya juani! Marefu, membamba, ya manjano, shingo zote zimenielekea mimi. Nikafunga haraka. Haragwe linalonenepea gizani si la heri. Hata halijanenepa, limerefuka tu, na hilo ni baya zaidi.

Nimeomba kidogo. Kisha nikamkumbuka Zablon, asije akawa ndiye aliyeyaroga. Nikamuuliza kwa ujanja kama anapenda maharagwe. Akasema anayapenda kwa chapati. Jibu la mtu mwenye hatia.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeyamaliza. Nimefika kabla ya kengele, nikafungua darasa, nikabadilisha mikebe. Marefu dirishani, mafupi kabatini. Sayansi imerudi mahali pake.

Tatizo ni rangi. Ya kabatini sasa ni kijani kibichi na ya dirishani ni manjano. Nitasema jua la Migori limeyababua.

Ijumaa, 23 Mei

Mkaguzi anaitwa Bi. Bathsheba. Sauti ya upole, na hao ndio wabaya. Nikafungua kabati kwa madaha. Akatazama kijani kile. Akatazama manjano ya dirishani. Akaniuliza kulikoni. Nikalitaja jua kali. Hakucheka.

Mwanafunzi wangu Nyamoita akainua mkono. Huyu ni binti wa wachimbaji dhahabu wa Masara, na kwao jiwe likimeta haliaminiwi mpaka lipimwe. Akasema, samahani Madam, mikebe imehamishwa. Kumbe kila mchana, nikisinzia ofisini, watoto hukata uzi wenye urefu wa kila mmea na kuutundika ukutani! Nilidhani ni mapambo. Wakazishusha nyuzi, wakazipima mbele ya mgeni. Nyuzi za kabatini za Jumatano zikakaribia kulingana na mimea ya dirishani.

Bi. Bathsheba akauliza aliyehamisha ni nani. Nyamoita akajibu kwamba hilo hawajalipima, kwa hiyo hawawezi kusema. Wanachojua ni kwamba mlango wa darasa ulikuwa umefungwa, na ufunguo anao mtu mmoja. Darasa zima likatazama mfuko wa shati langu. Ufunguo ulikuwa unachungulia.

Nje, mkaguzi akanieleza kwamba mmea ukiwa gizani hurefuka upesi kuutafuta mwanga, na hupauka. Yaani maharagwe yangu yalikuwa sahihi! Ningeyaacha tu!

Jumatatu, 26 Mei

Watoto wamesifiwa sana. Mimi nimeitwa ofisini. Bi. Priscilla amesema napelekwa mafunzoni Homa Bay, nikarudie jaribio lile lile kwa mkono wangu. Ripoti ikiwa nzuri, nitafikiriwa. Ikiwa mbaya, nafasi ni ya Zablon na mimi nifunge virago. Silali.

Jumanne, 10 Juni. Homa Bay

Kesho kila mwalimu anaonyesha mimea yake. Yangu haijaota hata mmoja. Wiki jana niliyaloweka maharagwe kwenye maji ya chai yanayochemka ili yaharakishe. Leo nimefukua moja. Limeiva. Nimelila kwa woga.

Mkufunzi amesema wazi kwamba ambaye mimea yake haikuota aseme haikuota, aeleze alivyofanya, na atapata alama zake zote. Mtego huo! Wananiona mtoto.

Nimekimbia sokoni kwa Adhiambo, muuza miche. Ameniapia kwa jina la mamaye kwamba haya ni maharagwe. Majani yana manyoya na yananuka nyanya. Nimeyapanda yote mikebeni. Lakini hawa ni walimu wa sayansi tu. Wataijulia wapi nyanya?