Meli ya Angani Isiyotoka Bandani

Friedrichshafen, 9 Machi

Kwa Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Vijana,

Pokea salamu kutoka huku ziwani. Mimi ni Gebhard Nägele, fundi mstaafu wa meli za angani. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu riwaya yenu mpya, ile yenye meli ya angani kwenye jalada. Nasema kwenye jalada kwa sababu ndani sijaiona ikipaa.

Mjukuu wangu Tilda, miaka kumi na tatu, aliletwa kwangu na plasta mguuni baada ya kuanguka kwenye theluji na kuvunjika mfupa. Tangu wazazi wake waachane, alikuwa haongei na mtu. Nilimnunulia kitabu chenu ili atulie, nami niendelee na chemshabongo yangu ya gazeti. Yaliyonipata ni haya:

1. Hadi ukurasa wa 163 meli imo bandani, na shujaa wenu anashona turubai. Hongereni kwa ujasiri wa kuuza safari isiyo na safari.

2. Kwa kuwa kitabuni hakutokei kitu, mtoto akaanza maswali. "Babu, kwani kushona kunachukua miezi?" Nikamwambia hata mwaka. "Wewe umewahi kushona?" Nilieleza mpaka supu ikaungua.

3. Sura nzima mnapima upepo! Tilda akataka nasi tupime. Nikasimama roshani, ghorofa ya tatu, nimeshika soksi juu ya fimbo. Jirani yangu, Bi. Kreszentia, akauliza, "Bwana Nägele, uko sawa kweli?" Tilda akanijibia: "Yuko sawa. Tunangoja upepo wa kusini." Hakuwa amesema na mtu wa nje tangu Krismasi. Ilibidi niingie ndani kutafuta leso, na leso zenyewe zilikuwa hazijafuliwa.

4. Jumapili mama yake alikuja kumchukua, plasta imeshatolewa. Mtoto akakataa kuvaa koti. "Mama, haijapaa bado. Kaa tusome." Mkwe wangu huyo hakuwa ameketi kwangu tangu nilipomtetea mwanangu kwenye talaka ile. Akaketi. Akala sahani mbili za tambi za jibini, akaomba na ya kubeba. Tukasoma mpaka saa kumi na mbili jioni. Meli ikatolewa nje, mvua ikanyesha, ikarudishwa bandani.

Kwa hiyo naomba mkate kurasa mia mbili za mwanzo, meli ipae mstari wa kwanza, mstaafu apate kupumzika.

Nisalimie mwandishi, wapiga chapa, na hasa mchoraji wa jalada, maana ni yeye peke yake aliyeiona ikiwa hewani.

Wako ninayeendelea kungoja,
Gebhard Nägele

Tanbihi: Barua hii imekaa mezani siku tatu. Jumapili wanakuja tena, Tilda na mama yake, na zimebaki kurasa arobaini tu. Tafadhali usikate hata neno. Na kama kuna sura mwandishi alizitupa kwa kuwa zilikuwa za polepole mno, nitumie kabla ya Jumamosi.