Nyumba ya Troyeville Isiuzwe

Jumanne, 2 Septemba

Msiba! Papa amehamishiwa Kimberley, mbali na Johannesburg yetu. Ni mkaguzi wa usalama migodini, mtu wa serikali, na serikali ikisema nenda, unaenda. Mama akauliza, na nyumba je? Papa akasema tukiiuza hatuli hasara: ada ya dalali, wakili, gharama zote za kuuza, serikali inarudisha. Isipouzwa mwezi huu, ataomba wampeleke mwenzake. Hawezi kubeba nyumba mbili kichwani.

Basi isiuzwe!

Upande wa pili wa ukuta anaishi Shufaa, msichana wa Tanga. Kila jioni anamwagilia mchicha na kumgombeza paka: we paka, huna haya? Jana samaki, leo maziwa? Mwaka mzima nakaa chini ya ukuta huu, kitabu cha hesabu magotini, nasikiliza. Paka ameambiwa maneno mengi kuliko mimi.

Alhamisi, 4 Septemba

Dalali amekuja. Jumapili ataleta wanunuzi, anataka nyumba itulie, inukie kahawa. Itulie! Wazo likanijia hapo hapo. Mama Jeannine na kikundi chake cha maombi! Wamama wale wakianza kumkemea shetani, mbwa wote hadi mtaa wa Bertrams wanaitika. Mnunuzi gani atabaki?

Nikaenda kwake baada ya shule. Nilipanga kusema tuna mgonjwa. Nikashindwa. Nimdanganye mama aliyenifundisha shule ya Jumapili? Nikasema tu: Mama, nyumba yetu inauzwa… Jumapili saa nane… mje kuomba. Akanishika kichwa akasema, mwanangu Sagesse, nimeelewa.

Eish. Ameelewa nini?

Jumapili, 7 Septemba

Saa nane, kikundi cha maombi jikoni, bwana na bibi wa Sandton kwa matajiri mlangoni. Mama Jeannine akaupiga kofi ukuta wa jikoni, akanguruma: toka! Yule bwana akatoka. Furaha! Waliofuata hata garini hawakushuka. Dalali nusura alie. Mimi nyuma ya pazia, nacheka peke yangu.

Kisha Mama Jeannine akanyamaza. Akapapasa ukuta. Akatembea sebuleni kutoka kona hadi kona. Akatangaza kuwa ameomba mnunuzi apatikane, kama nilivyomtuma, na Mungu amejibu: mnunuzi ni yeye. Amechoka kukodi ukumbi Hillbrow, na sebule hii inatosha kikundi kizima.

Papa akamkumbatia. Kisha akanikumbatia mimi! Akasema kumbe hawakukosea kuniita Sagesse, hekima yenyewe.

Nalala bila kula.

Jumatano, 10 Septemba

Nilikuwa chini ya ukuta. Kichwa kikatokea juu. Kichwa cha Shufaa! Kilemba cha njano, jasho puani. Akauliza, eti nyie mnahama? Nikaitikia kwa kichwa. Na wale wapiga kelele wa juzi ndio wanakuja kukaa hapa? Nikaitikia tena. Akasema Mungu wangu, jirani gani hao. Halafu, taratibu, akasema siku zote alijua kuna mtu huku. Alikuwa akingoja huyo mtu aseme kitu.

Nilikuwa na mengi. Nikasema asante. Asante! Ya nini?

Ijumaa, 12 Septemba

Papa amesaini. Anaimba jikoni. Anasema Kimberley tutapanga nyumba kwanza.

Kupanga! Nikamwambia, kwa heshima zote, hilo ni kosa. Tununue. Nimelifikiria sana. Miaka yote tuliyopanga Hillbrow, serikali haikumgusa Papa. Aliponunua nyumba tu, wakamhamisha. Ni wazi, wanatafuta wenye nyumba! Tukinunua Kimberley upesi, watamhamisha upesi, tutauza, watarudisha gharama, na mtu wa migodi watampeleka wapi kama si Johannesburg tena? Papa akaacha kuimba. Akasema nikalale. Sikumbishia. Mpango mzuri unahitaji subira.

Shufaa yuko nje sasa hivi. Nasikia maji kwenye mchicha. Tukirudi nitamsemesha, naapa. Maneno nimeshayachagua. Nayafanyia mazoezi hapa dirishani, polepole, asije akanisikia.