Nilivyogeuka Nyuki Mbele ya Baba Mkwe

Leo sura nimeiacha shambani, huku Mvumi. Atakayeiokota abaki nayo.

Nyanya zangu zilikuwa zinapukutisha maua. Ua linachanua leo, keshokutwa liko chini. Miche imenona, majani kama ya mgomba (naongeza kidogo), lakini tunda hata la kusingizia hakuna. Na Jumamosi baba yake Zuhura, mchumba wangu, alikuwa aje kutoka Kilosa mjini kukagua shamba kabla ya kupokea barua yangu ya posa. Niliapa atakuta nyanya.

Nikakumbuka masomo ya jioni. (Ndiyo, cheti ninacho.) Mwalimu wa baiolojia alisema ua la nyanya hubana unga wake ndani. Nyuki wengine hulikumbatia wakavuma, likatetemeka, unga ukamwagika, tunda likashika. Sasa shambani kwangu nyuki sijawaona. Nani atavuma?

Saa tatu asubuhi nikapiga magoti, nikafumba macho, nikaweka mdomo kwenye ua. Mmmmmm. La pili. Mmmmmm. Kufika tuta la tatu nilikuwa nimenogewa, hadi kiuno kinatikisika.

Nikasikia hodi nyuma yangu. Nikajua ni Saidi, jirani yangu, kaja kunicheka.

"Kelele wewe," nikasema bila kugeuka. "Utanivurugia uzazi."

Nikageuka. Baba yake Zuhura, na shangazi mtu. Leo Alhamisi!

Shikamoo yangu ilitoka imechelewa, niko magotini, pua ya njano. Shangazi akarudi hatua mbili, akauliza kwa upole kama mashetani hunipanda mara kwa mara. Nikaeleza habari ya nyuki. Mzee akasikiliza yote, akapapasa jani.

"Mbolea ya kukuzia unatia mara ngapi?"

"Kila Ijumaa, baba."

"Basi unafuga majani. Mche ulioshiba hivi uzae ya nini?"

Akauliza na maji. Nikakiri kwamba namwagilia nikikumbuka. Akasema kwa joto hili, mche ukiona kiu leo na mafuriko kesho, hutupa maua kwanza ili ujiokoe wenyewe. Kuhusu kuvuma, hakunikatalia. Alichukua kijiti, akagonga mti wa kuegemezea mche. Unga ukadondoka.

(Magoti yangu yote yale!)

"Barua utaileta," akasema akiondoka, "pamoja na nyanya."

Zuhura kanipigia sasa hivi. Hakusalimia. Kavuma tu: mmmmmm.

Nanyi mnaotaka kucheka, njooni mchekee huku shambani. Maua yanahitaji mtikisiko.