Mlinda Simu wa Sinema ya Bure

Jumba la makumbusho lilipotangaza kuonyesha bure filamu ya kale ya wageni kutoka sayari nyingine, watu walifurahi kwenda kuona filamu. Miwani alifurahi kwenda kuona watu. Jina hilo alipewa kwa ile miwani yake isiyo na vioo, ambayo ndiyo elimu yake yote.

Alitandika kitambaa cheupe mezani nje ya geti, akakaza tai, akaweka mfuko wa turubai miguuni.

"Simu zinabaki hapa, ndugu zangu," alisema kwa huruma ya daktari. "Mkanda huu umewazidi umri baba zenu. Mawimbi ya simu yakiugusa, unaungua."

"Hata nikiizima?" akauliza fundi cherehani mmoja. Vipimo vya wateja wake wote vilikuwa ndani ya simu hiyo, na harusi ya watu ilikuwa keshokutwa. "Hii ndiyo kazi yangu, kaka."

"Iliyozimwa ndiyo mbaya zaidi, dada. Inakuwa na hasira."

Watu wakacheka, wakatoa simu. Watu wasiomwazima jirani hata sufuria. Kila mmoja alipewa kikaratasi chenye namba, na mtu akishapewa namba hujiona yuko mikono salama.

Ndani, kwenye kaunta halisi, fundi aliacha mwavuli wake akapewa kisahani cha shaba chenye nembo ya jumba, cha kuuchukulia baadaye. Taa zikazimwa. Chombo cha angani kikatua kikining'inia kwenye uzi unaoonekana waziwazi, na mkuu wa jumba mwenyewe akasimama kukipiga picha. Kwa simu.

Fundi akajua wametapeliwa. Lakini hakupiga kelele. Miwani angekimbia, na simu zingekimbia naye. Mkobani alikuwa na sare ya mlinzi, kofia na yote, ambayo angempelekea mteja jioni. Akaingia chooni, akatoka afande.

Nje, Miwani alikuwa anafunga mfuko.

"Unakwenda wapi na mali za wageni?"

"Afande, nilikuwa nazisogeza kivulini."

"Mali za wageni zinakaa kaunta. Lete. Ukizitaka, utaonyesha hiki." Akampa kisahani. "Na mkuu amependa kazi yako. Anataka kukuajiri. Msubiri."

Miwani hakumtambua. Alipokuwa akipokea simu hakuwa na muda wa kutazama sura. Na shaba ilikuwa nzito, ina nembo. Akabaki ananyoosha tai, akijipangia mshahara.

Ndani, fundi aligawa simu kwa namba za vikaratasi, na filamu ilipokwisha watu wakatokea mlango wa nyuma, kila mmoja na simu yake. Miwani alipochoka kusubiri, alikwenda kaunta akaweka kisahani kwa adabu zote. Karani akamletea mwavuli wa maua, ubavu mmoja umevunjika.

"Mfuko wangu uko wapi?"

"Wako ndio huo, mzee. Mvua isikukute."

Basi watoto wetu wakikutana na mtu wa tai anayewahurumia sana, watazame kwanza kama kashika mwavuli wa maua. Na hata kama hana, simu ibaki mfukoni.